Baraka na Fizi: barza, dale na paa zinazojengwa bila ruhusa, hatari iko wapi

Mvua inapoanza kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, karibu mwezi wa tisa ao wa kumi, upepo ndio unatangulia. Wakaaji wa Baraka, Mboko, Lweba na vijiji vya Ubwari wanajua sauti ya manjanja yanapong'oka. Mara nyingi yanaanzia mbele ya nyumba, pale barza ilipoongezwa. Nyumba inaweza kuwa imesimama miaka kumi bila shida, lakini kile kilichoongezwa juu yake ao mbele yake hakikupimwa na mtu yeyote.

Kwa nini watu wanajenga bila ruhusa

Mwaka wa 2005, HCR ilianza kurudisha wakimbizi Wakongomani kutoka Kigoma, Tanzania, kwa meli mpaka Baraka. Familia nyingi zilikuta parsele za wazazi zimekuwa pori ao zinakaliwa na watu wengine. Zilijenga haraka, kwa matofali mabichi, miti na kile kilichopatikana. Pesa ikiingia kidogo, wanaongeza chumba. Ikiingia tena, wanaweka barza, duka ya kuelekea barabara, ao ukuta wa kupanda ghorofa. Leo Baraka ni mji wenye meya wake, lakini nyumba nyingi bado zinakua hivyo, kipande kwa kipande, na fundi anaongozwa na macho yake na pesa ya mwenye nyumba.

Sababu nyingine ni kwamba wengi wanaona ruhusa ya kujenga, ile inaitwa permi, kama kodi tu. Wanaogopa gharama na kuzungushwa ofisini. Wengine wanaamini karatasi ya mkuu wa kijiji ao ya aliyewauzia inatosha. Lakini karatasi hiyo inasema nani aliuza na nani alinunua. Haisemi kama kiwanja kinafaa kujengwa, wala kama nguzo zitabeba paa.

Sheria inasema nini

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia. Mambo ya kujenga yana msingi wake katika dekre ya urbanisimu ya tarehe 20 Juni 1957, na namna ya kutoa permi ilipangwa na amri ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013. Permi haihusu nyumba mpya peke yake. Mtu anayeongeza ghorofa ao kubadilisha umbo la nyumba naye anapaswa kuiomba. Hapo ndipo wengi wanakosea, wakisema: "Nyumba ilikuwa tayari, mimi naongeza barza tu."

Sheria hiyo ya 1973 inaacha pia mita 10 kwenye kingo za maziwa na mito inayopitika kwa vyombo, zikihesabiwa kutoka pale maji yanapofika wakati wa kujaa kwa kawaida. Miaka ya 2020, 2021 na 2024 ziwa lilipanda na kuingia katika nyumba za pwani, Uvira mpaka Fizi. Na usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mafuriko yalipiga kijiji cha Kasaba, katika territware ya Fizi, yakaua watu zaidi ya 60. Mafuriko kama hayo hayachagui nyumba yenye karatasi. Lakini kuangalia kiwanja mbele ya kutoa permi kunatakiwa kujibu swali la kwanza: je, hapa maji yanapita?

Paa: upepo unavuta kuliko kusukuma

Watu wengi wanafikiri upepo unasukuma paa. Kwa kweli, upepo ukipita kwa nguvu juu ya manjanja, unayavuta kwenda juu. Chini ya barza iliyo wazi, upepo mwingine unaingia na kuyasukuma kutoka chini. Nguvu hizo mbili zikikutana, msumari ulioshika mbao peke yake unang'oka.

Mafundi wazuri wanafanya hivi:

- Mbao iliyo juu ya ukuta inafungwa kwa waya mzito ao ukanda wa chuma unaoshuka ndani ya ukuta, mistari kadhaa ya matofali. Bora zaidi ni kufungwa kwenye mkanda wa beto unaozunguka nyumba yote.
- Paa la barza linatenganishwa na paa kubwa. Likienda na upepo, nyumba inabaki imefunikwa.
- Sehemu ya paa inayotokeza nje inatosha kuzuia mvua isilowanishe matofali mabichi, lakini haizidi sana sentimita 60.
- Misumari yenye kofia inapigwa juu ya mgongo wa manjanja, si kwenye bonde lake ambamo maji yanapita. Pembeni na mwishoni mwa paa inakaribiana zaidi.
- Anayenunua manjanja anaangalia namba: BG 32 ni nyembamba kuliko BG 28. Namba ikipanda, unene unashuka.

Mawe na matofali yanayowekwa juu ya paa si dawa. Upepo mkali ukija, yanaangukia watu.

Dale: uzito ambao haujahesabiwa

Siku hizi watu wanapenda barza yenye dale ya beto juu, ili baadaye wajenge ghorofa. Dale ya mita 3 kwa mita 2, yenye unene wa sentimita 12, inafika karibu kilo 1,800, kwa sababu meta kibiki moja ya beto yenye vyuma ina kilo kama 2,500. Uzito huo ukiwekwa juu ya nguzo za matofali mabichi, siku nguzo zinalowana ndiyo siku zinakatika.

Kuna kosa lingine ambalo halionekani kwa macho. Katika dale iliyoshikiliwa pande zote mbili, vyuma vikubwa vinakaa chini. Katika dale inayotokeza nje bila nguzo, kama balkoni, vinakaa juu. Fundi akiviweka chini, balkoni inapasuka pale inapokutana na ukuta, na inaweza kuanguka mara moja. Tena, beto inahitaji siku 28 kupata nguvu yake. Anayetoa miti ya kushikilia mapema anacheza na maisha ya watu.

Sehemu hii pia inatetemeka. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga Ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba Kalemie. Kitu kizito juu ya ukuta dhaifu ndicho kinaua wakati huo.

Kuomba ruhusa, na kwa aliyekwisha kujenga

Mwenye parsele anaanza na karatasi za ardhi: fishi ya parsele, kontra, ao sertifika. Kisha anatafuta plani iliyochorwa na mtu wa kazi hiyo, anaweka dosie kwenye ofisi ya urbanisimu na makazi, na maajenti wanakuja kuona kiwanja. Pesa inalipwa kwa risiti ya Serikali. Anayeomba pesa mkononi bila risiti hatoi permi. Kopi ya kila karatasi inabaki nyumbani, mahali ambapo maji hayafiki.

Aliyekwisha kujenga anaweza kwenda ofisi hiyohiyo kuomba hali yake inyooshwe. Ni vizuri kwenda mapema, hasa kwa nyumba zilizo kando ya barabara ya taifa namba 5. Barza ikiingia katika nafasi ya barabara, siku ya kubomoa mwenye nyumba hatakuwa na neno la kudai malipo.

Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, kuna mambo manne ya kuangalia kabla mvua hairudi: ufa unaopanda kutoka kwenye pembe ya dirisha, nguzo iliyoliwa na maji chini, mbao iliyotobolewa na mchwa, na mstari wa ufa pale dale inapogusa ukuta. Huo wa mwisho ukionekana, watu wasikae wala kulala chini ya barza mpaka fundi anayejua beto ahakikishe.