Taa zilizocheza muziki ziwani

Ukisimama ufukweni Igombe, Mwanza, usiku wa giza, utaona mstari wa taa juu ya maji, kana kwamba mtaa mzima umehamia ziwani. Ni wavuvi wa dagaa. Siku hizi taa hizo nyingi ni za LED, zinatumia betri au sola, na mwanga wake ni mweupe usiotikisika. Mimi nilikulia kwenye mwanga mwingine, wa karabai. Taa ile ilikuwa na kazi ya pili ambayo watu wengi wa mjini wameisahau: ndiyo iliyowamulikia wapiga muziki.

Jina lenyewe limetokana na kabaidi, mawe ambayo yakidondokewa na maji hutoa gesi inayowaka. Taa za kwanza ziliwaka hivyo. Baadaye ilipokuja taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu, jina likaihamia.

Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo mvuvi wake hutaka giza. Mwezi ukijaa, taa yake haifui dafu, na mitumbwi hupandishwa mchangani kwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku za mapumziko kambini, na mwenye pesa mfukoni hutafuta pa kuzimalizia. Huko Ukerewe, nilipokuwa mtoto, bendi ikifika, karabai zilitolewa mitumbwini zikatundikwa kwenye boriti, ndani ya uzio wa mabua. Taa iliyokuwa ikiwaita dagaa wiki iliyopita sasa iliwaita watu.

Kuiwasha ni kazi ya subira. Unajaza mafuta tumboni, unapasha kichwa chake kwa spiriti, kisha unapiga pampu. Mafuta hupanda yakageuka mvuke, mvuke ukawakia ndani ya kifuko cha nyuzi kinachoning'inia katikati ya kioo. Kinachong'aa ni kifuko hicho. Aliyekibuni ni mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, katika miaka ya 1880, na mchanganyiko uliokuja kudumu ulikuwa oksidi ya thoriamu asilimia 99 na ya seriamu asilimia 1. Kikishaungua mara ya kwanza, kinabaki umbo la majivu tu. Ukikigusa kwa ncha ya kidole, kinapukutika.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni pumzi yake. Presha ikishuka, mwanga uligeuka manjano, ukazama taratibu, na waliokuwa wakicheza wakasogeleana. Kijana wa taa alipanda juu ya kreti ya soda na kupiga pampu mara kumi, mara ishirini, na mwanga ukafumka palepale gitaa la solo lilipoingia. Hakuna aliyemwambia asubiri solo. Aliujua wimbo. Usiku mwingine alizungushia taa karatasi nyekundu ya nailoni, akiiacha mbali kidogo na kioo isiyeyuke, na nyuso za waimbaji zikawa kama zimepakwa rangi. Wadudu wa ziwani nao walikuja kwa maelfu, vivuli vyao vikizunguka juu ya ngoma, mashati na ukuta wa mabua. Sijaona pambo la jukwaa lililonishika kuliko lile.

Ng'ambo, ufundi wa namna hii ulipata jukwaa lake na heshima yake. Mwaka 1952 Seymour Locks, mwalimu wa sanaa San Francisco, alichezesha rangi za majimaji juu ya projekta huku wanamuziki wa jazz wakipiga. London, Mark Boyle na mkewe Joan Hills waliyafanya hayo katika klabu ya UFO miaka ya 1966 na 1967, bendi kama Soft Machine zikiwa jukwaani. New York, Joshua White na wenzake walijificha nyuma ya pazia kubwa katika ukumbi wa Fillmore East, uliofunguliwa tarehe 8 Machi 1968 na kufungwa tarehe 27 Juni 1971. Walishika mabakuli mawili ya kioo, maji yenye rangi na mafuta yenye rangi vikiwa katikati yake, wakayabana na kuyaachia kwa kufuata mapigo ya ngoma. Mafuta na maji havichanganyiki, kwa hiyo rangi zilikimbizana, zikagawanyika, zikatuna kama kitu chenye uhai, na pazia lote likajaa. Majina yao yaliandikwa kwenye matangazo pamoja na ya wanamuziki.

Hapo ndipo ninapopata uchungu. Kijana wetu wa kreti alikuwa akifanya kazi ileile, na hakuna tangazo lililomtaja.

Mjini Mwanza umeme ulileta mafundi wengine. Balbu zilipakwa rangi nyekundu, kijani na buluu zikazungushwa ukumbini, na aliyetaka zikonyeze alichukua stata ya taa ya tyubu akaiunganisha kwenye waya mmoja na balbu. Ndani ya stata mna kibati kidogo kinachojikunja kikipata joto. Kikijikunja kinagusa, balbu inawaka. Kikipoa kinaachia, balbu inazima. Kila stata ina mwendo wake, hivyo balbu nne hazikonyezi pamoja hata siku moja. Dansi letu lilipenda mwanga wa aina hiyo, na bendi ya Jeshi la Kujenga Taifa ilijulikana kwa jina la Kimulimuli. Na jiji hili likawa na bendi yake, Super Kamanyola, watu wakicheza mpaka kunakucha.

Nyimbo nyingi za dansi zilibaki kwenye kanda za Redio Tanzania, na ni jambo la kushukuru. Lakini kanda hairekodi mwanga. Waliojua ni wakati gani wa kupunguza na wakati gani wa kufumua wanazeeka sasa, na wengine wametangulia mbele ya haki.

Kwa vijana wenye bendi: chukueni bakuli la kioo, mafuta ya pamba, matone machache ya maji yenye rangi ya chakula, na tochi kali chini yake, muone dari itakavyokuwa. Hayo yote yanapatikana sokoni.

Na kwa mwenye karabai ya baba yake stoo: usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Muulize mzee aliitundika ukumbi gani na bendi gani ilikuwa ikipiga, uyaandike. Kule Bujora, Kisesa, yapo makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, na ngoma zetu zinatunzwa pale. Karabai moja ipelekwe ikae karibu nazo, na jina la aliyeipigia pampu liandikwe chini yake.