Namba iliyofichua siri ya ndege ya mafunzo

Kama umewahi kutengeneza hifadhidata, unajua kwamba jina la mtu halifai kuwa ufunguo. Majina hubadilika. Ndege nazo ni vivyo hivyo. Zile ndogo za Wilson zimeandikwa 5Y ubavuni, na zamani za mkoloni zilikuwa VP-K. Herufi hizo hufutwa na kuandikwa upya, lakini namba ya kiwandani ndege huzaliwa nayo na kufa nayo.

Mwaka 2005 Kapteni Matt Quy, rubani wa jeshi la anga la Marekani, alinunua mabaki ya Stearman: ndege ya mabawa mawili yaliyopandana, isiyo na paa, yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Boeing iliunda zaidi ya 8,000 za kufundishia marubani. Vita vilipokwisha mwaka 1945, jeshi liliziuza kwa bei ya kutupa. Nyingi ziliishia mashambani, kiti cha mbele kikang'olewa, tangi la dawa likawekwa mahali pake. Hii ya Quy nayo ilinyunyizia dawa mimea hadi ikaanguka. Yeye na mkewe waliijenga upya kwa takriban miaka mitatu.

Kisha akafanya lile ambalo mtu wa programu angelifanya siku ya kwanza: akaitafuta namba ile katika kumbukumbu za jeshi. Kumbe ndege iliundwa mwaka 1944 na kupelekwa Moton Field, Tuskegee, Alabama!

Tuskegee si mahali pa kupita hivi hivi. Mwaka 1925 chuo cha kivita cha jeshi la Marekani kilitoa ripoti iliyodai kwamba watu weusi hawana akili wala ujasiri wa kazi ngumu za vita. Hadi 1941 jeshi halikuwa na rubani mweusi hata mmoja katika kikosi chake cha anga. Mafunzo ya Tuskegee yalipoanza mwaka huo, yalitengwa kabisa na ya wazungu. Mnamo Machi 1942 walihitimu watano tu, mmoja wao Benjamin O. Davis Jr., ambaye baadaye alikuwa jenerali. Kufikia 1946 walikuwa wamekaribia 1,000. Moton Field ndiko walikojifunza hatua za kwanza.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba ndege yenyewe haikutengwa. Ilikuwa Stearman ile ile waliyofundishiwa wazungu, yenye magurudumu yaliyokaribiana na tabia ya kutaka kuzunguka ghafla ikitua. Ama unaimudu ama inakuaibisha, na haijali ripoti ya mtu yeyote. Ndiyo maana pia historia yake ilipotea kirahisi: haikuwa na alama yoyote ya kuitofautisha na maelfu ya wenzake. Kumbukumbu hizo zingetupwa ili kupunguza makaratasi ofisini (tunawajua watu wa aina hiyo), ingebaki kuwa ndege ya kunyunyizia dawa.

Quy aliipa jina Spirit of Tuskegee. Mwaka 2011 aliirusha kuvuka Marekani hadi Washington, akaikabidhi kwa Smithsonian. Sasa imening'inizwa katika makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, yaliyofunguliwa tarehe 24 Septemba 2016.