Mpaka wa Kusini mwa Katanga: Kugawa Maji, Kugawa Watu

Ulinzi wa mpaka hupimwa mara nyingi kwa idadi ya askari na vituo vya forodha. Historia ya mpaka wa kusini mwa Katanga yaonyesha kwamba ugumu wa kuulinda mpaka waweza kuanza siku ile unapochorwa.

Tarehe 12 Mei 1894, Uingereza na Mfalme Léopold II, mwenye Dola Huru la Kongo, walipatana juu ya mpaka huo. Kwa sehemu yake kubwa ungefuata mgongo wa nchi unaotenga maji yaendayo mto Kongo na yale yaendayo Zambezi, hadi kwenye milki ya Wareno. Katika ramani jambo hilo lilikuwa wazi. Katika ardhi halikuwa hivyo: mgongo wenyewe ni uwanda wa miombo, na vijito huanzia katika mabonde ya majimaji ambayo jicho haliwezi kuyatenga. Tume ya Waingereza na Wabelgiji iliyosimamisha nguzo ilifanya kazi toka 1911 hadi 1914, kisha toka 1927 hadi 1933.

Lakini maji hayakugawanywa peke yake. Walamba walijikuta pande zote mbili. Walunda wakawa katika nchi tatu, Kongo, Angola na Zambia ya leo, ingawa heshima yao kwa Mwant Yav wa Musumba haikukatwa na nguzo. Mwezi Julai 1964, huko Kairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kwamba mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru iheshimiwe. Uamuzi huo ulithibitisha mstari. Haukusema utalindwa na nani.

Jibu lilitafutwa kwa bunduki. Tarehe 8 Machi 1977, wapiganaji wa FNLC, ambao kiini chao kilikuwa askari wa Katanga waliohamia Angola baada ya utengano wa 1960-1963, waliingia Shaba. Wengi wao walikuwa Walunda, nao walirudi kwa ndugu zao. Jeshi la Zaire lilirudi nyuma hadi askari wa Maroko walipoletwa kwa ndege za Ufaransa. Baadaye wenyeji walioshukiwa kuwapokea waliteswa na jeshi la nchi yao, na maelfu wakakimbilia Angola. Mwezi Mei 1978 wapiganaji walirejea, safari hii kwa kupitia Zambia, wakaiteka Kolwezi. Ufaransa na Ubelgiji zikatuma askari wa miamvuli.

Ni dhahiri kwamba serikali iliyomwona mkaaji wa mpakani kuwa adui ilijipofusha yenyewe. Yeye ndiye ajuaye kila njia ya msituni, na ndiye wa kwanza kumwona mgeni apitaye. Nguzo za tume zilionyesha mahali nchi inapoishia. Hazikuweza kumfanya mtu huyo aione nchi hiyo kuwa yake. Kazi hiyo ni ya haki, shule na barabara, na bila hiyo askari hulinda mstari asioujua.