Klaksoni ya hewa: sauti iliyotoka kwenye breki

Barabara za Kalima na Kasongo huanzia Alunguli, ukingo wa kuume wa Lualaba, ng'ambo ya kituo cha treni cha Kindu. Ni barabara za baiskeli zenye bidoni za mafuta ya mawese na watu wanaotembea siku nzima. Mara nyingi lori hubeba watu juu ya mzigo: familia zilizohama, pamoja na godoro, sufuria na watoto. Shofere anahitaji klaksoni inayosikika mbali. Ndiyo maana fundi huulizwa kila mara: kompresa gani inafaa? Ili kumjibu, inafaa kujua kwanza hewa hiyo ilianza kutumiwa wapi.

Kabla ya chuma, habari zilivuka mto kwa ngoma za mbao. Stanley aliposhuka Lualaba kutoka Nyangwe mwishoni mwa 1876, ngoma zilikuwa zikipiga mbele yake. Kisha mvuke ukafika. Kampuni ya CFL ya baron Empain, Mbelgiji, ilifungua mwaka 1906 reli ya Stanleyville hadi Ponthierville, ambazo sasa ni Kisangani na Ubundu. Toka hapo meli zilipanda mto zaidi ya kilometa 300 mpaka Kindu, na mwishoni mwa 1910 ikakamilika reli ya Kindu hadi Kongolo, kilometa 355. Meli na gari moshi vilikuwa na firimbi ya mvuke, na mvuke wake ulitoka katika birika lile lile lililosukuma magurudumu. Mashine iliyopungukiwa na mvuke ilipungukiwa pia na sauti.

Hewa iliyobanwa iliingia relini kwa kazi nyingine kabisa: kusimamisha treni. Mmarekani George Westinghouse alileta breki ya hewa mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaigeuza ili bomba likipasuka treni ijifunge yenyewe. Mashine za dizeli zilipochukua nafasi ya mvuke, firimbi haikuwa na cha kupuliza tena. Lakini kompresa ya breki ilikuwepo tayari, na tangi lake lilikuwa limejaa. Tarumbeta zikaunganishwa hapo. Kwa hiyo klaksoni ya treni ni mgeni katika nyumba ya breki. Vita vya 1998 viliponyamazisha reli ya Kindu, watu wa kingo zote mbili waliishi miaka bila sauti hiyo, mpaka treni iliporudi mwaka 2004.

Lori likafuata njia ya treni, na hapa ndipo hatari ilipo. Lori kubwa lina kompresa inayozungushwa na injini, nayo hujaza matangi ya breki hadi bari 8 hivi. Ni rahisi mno kutoboa bomba na kufunga tarumbeta juu yake. Sauti itakuwa kubwa, bila shaka. Lakini kila klaksoni inayolia kwenye mteremko inakula hewa ambayo mguu wa shofere utaihitaji dakika ile ile. Malori ya kisasa yana springi zinazofunga magurudumu hewa ikipungua sana. Mengine ya zamani hayana, na hewa ikiisha breki zimeisha. Watengenezaji waliliona hilo, wakaweka vali ya njia nne: njia za breki zinalindwa, na ile ya nne ni ya vitu vidogo kama klaksoni. Tarumbeta ifungwe hapo tu. Kama vali hiyo haipo au imeharibika, inafaa kompresa ya pekee, ya umeme, yenye tangi lake.

Katika kuchagua, wengi hutazama kompresa na kusahau tangi. Hilo ni kosa, kwa kuwa kinacholia ni hewa iliyohifadhiwa; kompresa ni ya kujaza tu. Hesabu yake ni nyepesi. Tangi la lita 10 likishuka kutoka bari 8 hadi 6 limetoa lita 20 za hewa ya kawaida. Tarumbeta ikila, tuseme, lita 4 kwa sekunde, italia sekunde 5. Tangi la lita 2 litalia sekunde moja tu. Kompresa iliyoandikwa lita 20 kwa dakika ingejaza lile tangi kubwa tena kwa dakika moja, lakini namba ya kwenye boksi mara nyingi hupimwa bila mgandamizo. Hewa ikianza kubana, kompresa inapunguza mwendo. Afadhali kusoma inatoa lita ngapi kwenye bari 6 au 8.

Malori mengi ni ya volti 24, gari ndogo ni 12, na kompresa ya 12 ikifungwa kwenye 24 huungua mapema. Iwe na swichi inayoizima yenyewe tangi likijaa, fyuzi yake, na waya mnene. Vikompresa vidogo vinavyopuliza tarumbeta moja kwa moja, bila tangi, vinatosha kwa gari ndogo, kwa sekunde chache. Na kwa unyevu wa Maniema maji hukusanyika ndani ya tangi na kulila kwa kutu. Kizibo cha chini kifunguliwe kila asubuhi, kabla abiria hawajapanda.