Deki, King'amuzi na Diski: Historia ya Kurekodi Video Arusha

Arusha ilipata mashine ya kurekodi televisheni kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yenyewe. Deki za VHS zilianza kuonekana kwenye nyumba za mjini katika miaka ya 1980, ilhali vituo vya kwanza vya televisheni Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa karibu miaka 10, kitufe chekundu cha kurekodi kilikaa tu kwenye uso wa mashine bila matangazo ya nchi ya kunasa. Watu waliinunua deki kwa ajili ya kutazama mikanda, kuazimana na kukodishana. Mazoea hayo ya mwanzo ndiyo yaliyoamua, miaka 20 na zaidi baadaye, jinsi mji ulivyokipokea kinasa video cha kidijitali chenye diski ndani yake, na kwa nini wengi waliamua kusubiri.

Kuchelewa kwa televisheni hakukuwa bahati mbaya. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Serikali ya Muungano chini ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba Bara kulikuwa na mambo ya kutangulia: maji, shule, zahanati. Azimio lililotangazwa mwaka 1967, lenye jina la mji huuhuu, lilisisitiza kujitegemea na kukataa anasa za wachache, na televisheni ilihesabiwa miongoni mwa anasa hizo. Chombo cha taifa kilikuwa redio. Aliyetaka picha alikwenda sinema, na kwa wakazi wa mjini Arusha hiyo ilimaanisha zaidi ukumbi wa Metropole, uliopokea filamu za Kihindi na za Kimarekani. Mlima Meru wenyewe ulikwisha kuingia kwenye filamu: sehemu ya *Hatari!* ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa eneo la Momella, chini ya mlima upande wa kaskazini mashariki.

Mpaka wa Namanga, kiasi cha kilomita 110 kaskazini mwa mji, ulikuwa na uzito wake katika habari hii. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na haikuufungua mpaka Novemba 1983. Mwaka huohuo wa 1983 ilipiganwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, ambapo mtu aliyekutwa na bidhaa za nje alitakiwa aeleze alivyozipata. Katika hali hiyo, kununua deki lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili, wala si kwa sababu ya bei peke yake. Mambo yalilegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zimetoka wapi, na yakalegea zaidi baada ya Rais Mwinyi kushika madaraka Novemba 1985. Deki, redio kaseti na televisheni zikaanza kuingia kutoka Dubai na Nairobi.

Mnunuzi wa wakati huo alikuwa na maswali yanayofanana sana na ya mnunuzi wa kinasa cha kidijitali. La kwanza lilikuwa aina ya mkanda. Sony ilitoa Betamax mwaka 1975 na JVC ikatoa VHS mwaka 1976, na mikanda ya moja haikuingia kwenye mashine ya nyingine. Sifa za picha hazikuwa na maana kubwa Arusha. Kilichokuwa na maana ni mikanda ambayo jirani, duka la kukodisha na ndugu wa Nairobi walikuwa nayo, na hiyo ilikuwa VHS. La pili lilikuwa asili ya mashine. Deki iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ilitaka umeme wa volti 110 na kusoma mfumo wa picha wa NTSC, wakati Tanzania hutumia volti 230 na mfumo wa PAL. Mwenye deki ya namna hiyo alihitaji transfoma kwanza, kisha mkanda wa PAL ukiwekwa, picha haikutulia. La tatu lilikuwa umeme wenyewe. Saa ya deki ilipopoteza majira kila umeme ulipokatika, kutegesha kurekodi, hata matangazo yalipokuja baadaye, kulikuwa kazi bure, na tarakimu sifuri nne zilizowakawaka kwenye uso wa mashine zilikuwa jambo la kawaida sebuleni.

Mkanda wa VHS wa E-180 ulibeba saa 3 za picha kwa kasi ya kawaida. Ndani ya muda huo harusi nzima iliweza kuingia: mahari, send-off, kanisani au msikitini, na ukumbini. Mpiga video alikuwa fundi anayeheshimika, na mkanda wa harusi ulikuwa mali ya ukoo. Ulitoka nyumba hadi nyumba, kutoka Ngarenaro hadi Usa River, ukitazamwa na wageni ambao hawakufika siku yenyewe. Fundi redio aliitwa deki ilipoanza kula mkanda. Alifungua kifuniko, akaukunjua utepe uliojisokota kwenye rola, akasafisha hedi kwa pamba na spiriti, kisha akaurudisha utepe ndani kwa kuzungusha gurudumu la mkanda. Sehemu iliyokunjamana ilibaki na mistari ya chenga milele, lakini mkanda ulichezeka. Hapo ndipo ilipo nguvu kubwa ya teknolojia ile kwa mazingira ya Arusha: ilitengenezeka, na ilichonaswa kiliweza kubebwa mkononi na kupelekwa kwa mwingine.

Vibanda vya video vilikua juu ya msingi huo. Kibanda kilihitaji televisheni moja ya chogo, deki, mabenchi na mikanda. Filamu za Kihindi, za ngumi za Hong Kong na za Kimarekani zilionyeshwa kwa kiingilio kidogo, na baadaye zikaongezewa sauti za wasimulizi wa Kiswahili waliozifasiri papo kwa papo, kazi ambayo Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijulikana nayo sana. Ziliposhika VCD na DVD, kisha filamu za Bongo, deki ya mkanda iliondoka sebuleni na nafasi yake ikachukuliwa na mashine isiyo na kitufe cha kurekodi kabisa. Si wengi waliolalamika, kwa kuwa kitufe kile hawakukizoea tangu mwanzo.

Televisheni ilikuja baada ya Sheria ya Utangazaji ya 1993. CTN, ITV na DTV zilianza Dar es Salaam mwaka 1994, na televisheni ya taifa, TvT, ikaanza mwaka 2000. Kufika kwa mawimbi Arusha kulitegemea mitambo ya kurushia na umbo la nchi. Mlima Meru una urefu wa mita 4,566, na mawimbi ya televisheni ya ardhini hayapenyi mlima. Mtambo unaohudumia mji ulio kusini mwa mlima hauwezi kuwafikia vizuri watu wa Ngare Nanyuki walio upande wa pili. Hata ndani ya mji, nyumba iliyo bondeni ilipata chenga wakati ya jirani kilimani ilipata picha safi, na antena ikapandishwa juu ya mti au bomba refu la chuma.

Mabadiliko makubwa yaliyomkuta kila mwenye kinasa, cha zamani au kipya, ni kuzimwa kwa mitambo ya analojia. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka 17 Juni 2015 kuwa siku ya mwisho, lakini nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yapo Arusha, zilijiwekea 31 Desemba 2012. Tanzania ndiyo iliyoishika tarehe hiyo kwa kuanza na Dar es Salaam, kisha mji kwa mji. Zamu ya Arusha na Moshi ilifika mwishoni mwa Machi 2013. Kuanzia hapo televisheni ya chogo ilihitaji king'amuzi, ama cha Star Media, ubia wa TBC na kampuni ya StarTimes ya China, ama cha mmojawapo wa washindani wake. Deki ya VHS haikuweza tena kujitafutia chaneli. Ilirekodi kile tu king'amuzi kilichokuwa kikionyesha wakati huo, na king'amuzi nacho lazima kiachwe kimewaka kwenye chaneli inayotakiwa. Aliyenunua deki nzuri mwaka mmoja kabla alibaki na mashine iliyopoteza nusu ya kazi yake. Katika mwaka huo, aliyesubiri alifanya hesabu nzuri.

Kinasa cha kidijitali kilikuwa kimeshafika wakati huo. Marekani ilikifahamu kupitia TiVo na ReplayTV tangu 1999; MultiChoice ya Afrika Kusini ilitoa chake mwaka 2005 na kutoa Explora mwaka 2013. Mashine za MultiChoice zilipokea DStv, huduma yake ya televisheni ya kulipia, kutoka satelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, karibu sawasawa juu ya Arusha, mji ulio kwenye nyuzi 36.7. Ndiyo maana ungo wa DStv mjini hapa hulala chali ukitazama utosi wa mbingu, wala mlima hauwezi kuuzuia, wakati ungo wa Azam TV, unaofuata satelaiti ya nyuzi 7, huinama kuelekea magharibi. Kwa Ngare Nanyuki na Oldonyo Sambu, ungo ulimaliza tatizo ambalo antena haikuliweza.

Hata hivyo kinasa chenyewe kilibaki kwa wachache: nyumba za Njiro na Sakina zenye uwezo, hoteli, na wageni wa mashirika ya kimataifa. Bei ilikuwa sababu moja, pamoja na ada ya kila mwezi. Sababu nzito zaidi, na isiyotajwa mara nyingi, ni kwamba diski haikuazimika. Kipindi kilichorekodiwa kilifungwa ndani ya mashine na kadi yake. Hakikuweza kutolewa na kupelekwa kwa shangazi Tengeru kama mkanda ulivyopelekwa. Mashine iliyobuniwa kwa mtu mmoja anayepanga muda wake sebuleni iliingia katika mji uliozoea picha kuwa ya wengi. Umeme nao uliendelea kukatika, na diski inayokatiwa umeme katikati ya kuandika ni diski iliyo hatarini. Isitoshe, kitu kilichowafanya watu wengi walipie televisheni ni mpira, na mpira uliorekodiwa hauna mnunuzi: bodaboda ameshatangaza matokeo kabla hujafika nyumbani. Kibanda umiza, yaani kibanda cha kutazamia mpira kwa kiingilio, kilijaa kwa sababu mechi ilikuwa mubashara. Azam TV, iliyoanza Desemba 2013 na kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania, iliupanua mkondo huo kwa bei ambayo wengi waliimudu.

Aliyelipia mashine ya kampuni moja alikuwa pia amejifunga na maamuzi yasiyo yake. Agosti 2018 chaneli za bure za Tanzania, zikiwamo ITV na Star TV, ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya DStv, Azam na Zuku kwa kuwa leseni za kampuni hizo hazikuruhusu kuzibeba. Mwenye kinasa cha gharama kubwa alilazimika kununua king'amuzi cha pili cha bei ndogo ili aone taarifa ya habari ya nchi yake, na kinasa chake hakikuweza kuinasa. Kwa mtu wa kawaida, king'amuzi kisicho na ada chenye tundu la flashi, kinachorekodi kwenye flashi yenyewe, kilikuwa na manufaa kuliko mashine ile.

Mkusanyiko mkubwa wa picha zilizorekodiwa Arusha haukutoka sebuleni kwa mtu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwaka 1994 na kukaa katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC hadi ilipofungwa 31 Desemba 2015, ilirekodi vikao vyake kwa video na sauti. Rekodi hizo zipo chini ya taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za mahakama hiyo, kwenye majengo ya Lakilaki yaliyozinduliwa Novemba 2016, na sehemu kubwa ya kazi ya watunza kumbukumbu wake imekuwa kuhamisha kanda kwenda faili za kidijitali. Kwao swali la kusubiri halikuwapo, kwa kuwa utepe wa sumaku huchakaa hata ukiwa umekaa rafuni.

Leo, kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini Arusha, anayeuliza DVR, jina la Kiingereza la kinasa cha kidijitali, huonyeshwa kisanduku cha kamera za ulinzi, kinachonunuliwa na maduka, nyumba za wageni na makampuni ya utalii. Kinasa cha vipindi vya televisheni kimepitwa na simu na YouTube, ambako vituo vyenyewe huweka taarifa zao za habari, na asiyekinunua hakosi kitu kikubwa. Mikanda ya VHS ya harusi, mazishi na ubatizo wa miaka ya 1980 na 1990 ni jambo jingine. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, na baridi na unyevu wa miteremko ya Meru huotesha ukungu kwenye utepe uliofungiwa kabatini. Familia yenye mikanda hiyo na itafute fundi mwenye deki inayofanya kazi, iihamishe sasa.