Utendi wa Mwindo na Haja ya Kitabu

Historia ya uchapishaji huelezwa mara nyingi kama safari ya mitambo: kutoka hati za mkono hadi matbaa, kutoka matbaa hadi kompyuta. Kwa nchi ya Wanyanga huko Walikale, jirani na Masisi, Kivu ya Kaskazini, maelezo hayo hayatoshi. Hapo yafaa tuulize kwanza: je, kilichochapishwa kilikuwapo kabla ya kuchapishwa?

Wanyanga huziita tendi zao karisi, na Karisi ndilo jina la mzimu apendaye ziimbwe. Manju hujifunza kwa kuwa msaidizi wa manju aliyemtangulia, akiitikia vibwagizo na kugonga mdundo. Kwa desturi hatambi kisa chote kwa mfululizo, bali huchagua sehemu hii au ile.

Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alimwomba She-Karisi Rureke autambe utendi wa Mwindo wote. Kwa siku 12 Rureke aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza, huku maneno yake yakinakiliwa kwa kalamu na wanakijiji wakiitikia. Mwenyewe alisisitiza, tena zaidi ya mara moja, kwamba hakuwa amewahi kuufululiza wote namna ile. Basi utendi huo "mzima", ambao sisi walimu huutaja darasani kana kwamba ulirithiwa hivyo tangu kale, ulizaliwa kwa haja ya kitabu.

Kitabu kilitolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1969, matini ya Kinyanga ikiwamo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mhariri mwenza alikuwa Kahombo Mateene, Mnyanga na mwanaisimu, ambaye baadaye aliongoza Ofisi ya Lugha ya OAU mjini Kampala. Si haki kumtaja, kama wafanyavyo wengine, katika tanbihi tu.

Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha Hero and Chief, chenye masimulizi mengine ya Mwindo yanayotofautiana na lile la kwanza. Hata hivyo ni la Rureke lililoenea ng'ambo, na ndilo lisomwalo leo hata katika kompyuta. Uchapishaji haukuuhifadhi utendi tu. Uliuchagulia umbo na msemaji. Nyimbo zimepata mistari yake ukurasani. Ngoma na maigizo ya zile siku 12 havikupata.