Muziki wa Kale na Nyimbo za Filamu katika Redio ya India, 1952–1957

Mwaka 1952 B. V. Keskar alishika Wizara ya Habari na Utangazaji ya India, akadumu humo hadi mwaka 1962. Aliamini kwamba muziki wa kale wa nchi hiyo, uliolelewa kwa karne nyingi katika mahekalu na majumba ya wafalme, ungepotea usipopata mlezi mpya. Kwani baada ya uhuru wa mwaka 1947 falme ndogo zilizowakimu mafundi wake ziliingizwa katika dola moja. Mlezi huyo, kwa maoni yake, hakuwa mwingine ila redio ya serikali, All India Radio.

Hapana shaka kwamba juhudi hiyo ilizaa matunda. Tarehe 20 Julai 1952 kilianzishwa kipindi cha taifa cha muziki wa kale, na katika mwaka huo huo likaundwa kundi la wapigaji vyombo, ambalo mpigaji sitari Ravi Shankar alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Wanamuziki walipimwa, wakapangwa kwa daraja, wakalipwa. Fundi ambaye zamani alisikiwa na wageni wa mfalme mmoja sasa alisikiwa na nchi nzima.

Lakini mkono uliolea upande mmoja ulibana upande wa pili. Nyimbo za filamu zilishutumiwa kuwa ni duni, zilizochanganyika na ala na mahadhi ya Magharibi. Zikapunguziwa nafasi, na majina ya filamu yakaachwa kutajwa kwa kuwa kuyataja ni kuyatangazia biashara. Watengenezaji wa filamu wakaondoa ruhusa ya kuzipiga, nazo zikanyamaza katika redio hiyo.

Hazikunyamaza masikioni mwa watu. Radio Ceylon ya Colombo ilikuwa na mtambo wenye nguvu wa mawimbi mafupi, uliosikika India yote. Tarehe 3 Desemba 1952 ilianza kurusha kipindi cha Binaca Geetmala, kilichogharimiwa na watengenezaji wa dawa ya meno na kutangazwa na Ameen Sayani. Kwa masimulizi ya Sayani mwenyewe, kipindi cha kwanza kilileta barua 9,000. Basi msikilizaji aliyenyimwa nyumbani aliomba kwa jirani, na fedha ya matangazo ikamfuata huko huko.

Tarehe 3 Oktoba 1957 All India Radio ilifungua idhaa ya burudani, Vividh Bharati, chini ya mshairi Narendra Sharma, na nyimbo za filamu zikarudi kwa heshima. Muziki wa kale haukufa kwa sababu hiyo.

Kosa la marufuku ile lilikuwa katika kuzihesabu aina hizi mbili kuwa maadui. Mwaka ule ule wa 1952 ilitoka filamu ya Baiju Bawra, ambayo Naushad aliitungia muziki juu ya misingi ya raga, na ndani yake wakaimba mabingwa wa muziki wa kale, Amir Khan na D. V. Paluskar. Baadaye Vividh Bharati yenyewe, katika kipindi chake cha Sangeet Sarita, ilifundisha raga kwa kutumia nyimbo za filamu kuwa mifano.

Pwani ya Afrika Mashariki inalo fungu katika habari hii. Huko Mombasa Juma Bhalo (1942–2014) aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, wala vina na mizani havikuharibika kwa kupanda chombo kigeni. Kingiacho mjini si haramu, hunena wahenga. Waziri aliweza kuupa muziki wa kale nafasi, ujira na heshima, na katika hayo alifaulu. Asiloliweza ni kulichagulia sikio litakachokipenda.